Chai Baada ya Sahihi

Mmeniomba niandike "kabla hujasahau, Madam." Sikukasirika sana. Miaka yote hiyo nimelipwa ili nisisahau, na sasa nina majuma matatu tu ya kustaafu, tayari mnaanza kuniwekea muda. Kadi yenu ya kuniaga iko juu ya kabati hapa Waithaka, na saa ya ukutani mliyoninunulia inakwenda sawasawa ingawa sina tena mahali pa kuchelewa. Basi nimekaa, nimechonga penseli, naandika. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala mshahara wangu uliishia wapi. Hayo yamo kwenye faili yangu, na kwa jinsi ninavyowajua mmeshaichungulia. Nitawaeleza habari za chumba cha mikutano cha ghorofa ya saba, na za maneno matatu niliyoyaandika kwa mazoea, yakakaribia kumtoa mama mmoja nyumbani kwake.

Nilikuja Nairobi kutoka upande wa Vihiga nikiwa na cheti cha kupiga chapa na cha hati mkato, ule uandishi wa vijimstari na vindoano unaomwezesha mtu kunasa maneno kwa kasi ya msemaji. Shirika lilikuwa hilihili mnalolijua, la umma, kazi yake kujenga masoko katika miji midogo ili wakulima na akina mama wa mboga wauze chini ya paa. Niliajiriwa kuandika kumbukumbu za mikutano ya bodi. Nilidhani ni kazi ya mkono tu. Mwandiko wangu ulikuwa umeonyeshwa madarasa mengine chuoni kama mfano, na sikuwa mtu wa kuficha jambo hilo.

Katibu wa bodi alikuwa Bwana Surjit, mwanasheria mwenye kilemba cha samawati na sauti ya chini iliyokulazimisha usogee. Alizaliwa Kisumu na alijua Kijaluo kuliko mimi niliyekua jirani na Wajaluo. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza cheti. Alimwita Mama Akinyi, aliyekuwa akitupikia chai, akaniambia nikae pembeni niandike watakachosema. Kisha wakaanza kugombana juu ya sukari.

"Sukari imeisha," Mama Akinyi alisema, "na aliyeimaliza anajijua."

"Mimi naweka vijiko mbili tu."

"Mbili mara ngapi, Bwana Surjit?"

Walipomaliza, akaniambia nisome. Nikasoma kwa fahari: Mama Akinyi alieleza kuwa sukari haitoshi, na Katibu akaahidi kulishughulikia suala hilo.

"Amesema haitoshi?"

"Amesema imeisha, bwana."

"Na nini ingine?"

"Kwamba aliyeimaliza anajijua."

"Sasa hiyo umepeleka wapi?"

Nikamjibu kwamba niliona si adabu kuiandika. Mama Akinyi alicheka mpaka akashika ukuta. Bwana Surjit hakucheka. "Respa," akasema, "hukuajiriwa kufanya watu wawe na adabu. Watu wajitafutie adabu yao. Wewe andika." Nilirudi nyumbani jioni hiyo nimenuna, nikiamini nimepewa bosi mkorofi. Ilinichukua miaka kukubali kwamba saa ile moja ilinifundisha zaidi ya chuo kizima.

Huyo ndiye aliyeleta ile desturi mliyoikuta na ambayo baadhi yenu mnaiona ya kizee. Mkutano ukifika mwisho, hakuna kuinuka. Mwandishi anasoma kwa sauti kila azimio na kila pingamizi, na jina la aliyepinga, kwa maneno yake mwenyewe. Wajumbe wanasahihisha papo hapo. Maazimio yanaandikwa kwa mkono kwenye karatasi, na kila mjumbe anatia sahihi chini ya kila ukurasa. Hapo ndipo Katibu anagonga meza mara mbili, na toroli la chai linaingia. Kabla ya hapo Mama Akinyi anasimama nje ya mlango na samosa zake, na harufu inapenya chini ya mlango, na watu wazima wenye digrii mbili mbili wanaanza kutazamana. Nilipouliza sababu, Bwana Surjit alinijibu kwamba mtu akishashika samosa hukubali kila kitu, na akishamaliza kikombe hukumbuka mkutano mwingine kabisa.

Nilicheka, akaniambia nisicheke. "Wako watu tisa kwa hiyo meza," alisema, "wanatumia pesa ya watu ambao hawako ndani. Yule mama wa sukuma wiki hatakuja kuuliza ni nani alisema nini. Hana nauli ya kufika hapa, na akifika askari wa getini hatamruhusu. Hiyo karatasi ndiyo macho yake." Sijasikia mtu akieleza usimamizi wa mashirika ya umma vizuri zaidi, na nimekaa kwenye semina nyingi zenye chakula kizuri.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Madaftari ya hati mkato yenye waya juu, penseli mbili zilizochongwa pande zote, na kwanza taipureta, baadaye kompyuta. Hati mkato haichagui lugha, inafuata sauti, kwa hiyo Kiingereza cha Mwenyekiti na Kiswahili cha wengine vilikaa mstari mmoja bila ugomvi. Kanuni ilikuwa kwamba kumbukumbu zikishathibitishwa kwenye mkutano unaofuata, daftari la rasimu linachanwa. Niliyachana yote, isipokuwa moja. Hilo moja, nyuma yake nilikuwa nimeandika sauti ya pili ya wimbo wa kwaya yetu ya kanisani, na sikuwa na nakala nyingine. Nikalitupa kwenye droo ya chini nikijiambia nitanakili wimbo kwanza. Mimi na kunakili wimbo huo mnaweza kukisia.

Sasa niwajulishe Mwalimu Wangari. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa Uthiru, aliyeingizwa kwenye bodi kuwakilisha wananchi, na nadhani waliomteua walitarajia mama mpole wa kupamba picha ya pamoja. Walipata mtu aliyesoma kila karatasi aliyopewa. Zaidi ya hapo, bodi ikitaka kununua kiwanja, yeye alikwenda kukiona kwa gharama yake, na gambuti zake kwenye mfuko wa karatasi. Aliwahi kuingia mkutanoni na tope la Bungoma kwenye pindo la sketi, akaketi, akafungua faili na kuanza kuuliza maswali. Nilimheshimu mno. Kama mngeniuliza wakati ule ningetaka kuzeeka kama nani, ningewatajia yeye bila kufikiri.

Ilikuja siku Bwana Surjit alikuwa hospitali, mkewe akifanyiwa upasuaji. Kwa mara ya kwanza niliketi mahali pake. Ajenda kubwa ilikuwa kununua kiwanja cha kujenga soko la jumla la mboga kando ya Waithaka, si mbali na hapa ninapoandika. Mwenyekiti wa wakati huo alikuwa na haraka. Hata hatujamaliza kujadili, aliinua kichwa akasema, "Respa, mwambie mama alete chai. Hapa tumeelewana." Ningeweza kusema hapana. Bwana Surjit angesema hapana kwa sauti yake ile ya chini, na dunia ingeendelea. Mimi niliinuka nikafungua mlango. Mama Akinyi alinitazama, akauliza, "Wameshaweka sahihi?" Nikamwambia aingize tu.

Mwalimu alianza kuzungumza vikombe vikigongana. Alisema hakuridhika na kiwanja kile, akaeleza kwa nini. Mkono wangu uliandika kila neno, kwa sababu ulikuwa umezoea. Lakini hakuna aliyemjibu la maana, hakuna kura iliyopigwa, na hakuna kilichosomwa. Watu walikula, wakashuka.

Asubuhi yake nilikaa kupiga chapa. Niliyaona maneno ya Mwalimu kwenye daftari. Niwaambie ukweli, hakuna aliyenihonga wala kunitisha. Ukurasa ulikuwa umekaa vizuri, maazimio manne yaliyolingana, na yale maneno yalikuwa yanauharibu. Nikajiambia hayakuwa pingamizi rasmi, yalikuwa mazungumzo ya chai. Kisha nikaandika sentensi niliyokuwa nimeiandika mara mia: wajumbe waliazimia kwa kauli moja kununua kiwanja. Bwana Surjit aliporudi aliniuliza swali moja tu.

"Mlisoma kabla ya chai?"

"Ndiyo, bwana."

Muhula wa Mwalimu uliisha mwezi huohuo na hawakumteua tena. Kwa hiyo kumbukumbu zilipothibitishwa hakuwamo, na hakupata kuziona.

Soko likajengwa. Masika ya kwanza maji yaliingia, ya pili yakaondoka na ukuta. Akina mama waliokuwa wamepewa vibanda walirudi kuuzia barabarani. Miaka ikapita, Bwana Surjit akastaafu, mimi nikawa mtu mzima wa ghorofa ya saba, na hatimaye kamati ya uchunguzi ikaundwa. Ikaamua kwamba wajumbe wote waliopitisha ununuzi ule walipe hasara kutoka mifukoni mwao, na asiye na pesa mali yake iuzwe.

Mwalimu alikuja ofisini asubuhi moja na barua ya kamati mkononi. Alikuwa amepungua, lakini viatu vilikuwa vimepigwa rangi. "Respa, uko poa?" alinisalimu hivyo, alijifunza kwa wanafunzi. "Mimi sina shida. Nipatie tu kopi ya ile siku, niwaonyeshe pahali nilisema sijaridhika. Wanataka kuuza nyumba, na ile nyumba ndiyo kila kitu niko nayo."

Nilichukua faili nikijua kilichomo. Alivaa miwani akasoma akiwa amesimama. Alisoma mara mbili.

"Kwa kauli moja," akasema. Hakupandisha sauti. "Sasa yangu ilienda wapi, Respa?"

Alikunja barua yake, akanishukuru kwa wakati wangu, akaondoka. Nilitamani angenitukana. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi mezani, na jambo la kwanza nililofanya ni kuvuta ile droo ya chini. Daftari la siku ile lilikuwepo, wimbo na kila kitu.

Msidhani niliruka moja kwa moja kuwa shujaa. Daftari lile lilikuwa linanishtaki mara mbili. Lilionyesha kwamba niliandika uongo, na kwamba nilivunja kanuni ya kuchana rasimu. Nilikuwa na watoto wawili chuoni. Nililala nalo siku tatu, kisha nikalipeleka kwa Bwana Surjit nyumbani kwake Westlands. Mkewe, yule aliyepasuliwa, ndiye aliyenifungulia, mzima wa afya. Nikamkuta mzee sebuleni amevaa ndara, nikamwambia yote, pamoja na ile "ndiyo, bwana."

"Nilijua," akasema.

"Ulijua vipi?"

"Karatasi ya sahihi haikuwa kwa faili. Niliitafuta siku ileile. Nikasema ngoja, huyu ni msichana mzuri, atakuja mwenyewe kuniambia. Sikutaka kukuaibisha." Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Nilingoja mpaka nikasahau kungoja. Kwa hivyo tuko wawili, Respa. Twende."

Nimekutana na wakubwa wengi mjini hapa. Ni huyu mmoja tu aliyekwenda mbele ya kamati bila kuitwa, na kilemba chake kimepigwa pasi, kusema kwamba naye alikuwa na sehemu yake katika kosa lile. Nikikumbuka hilo hata sasa kifua kinanijaa.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi katikati ya mji. Tatizo likawa dogo na kubwa kwa pamoja: hakuna aliyeweza kusoma hati mkato isipokuwa mimi, na mimi ndiye mwenye kesi ya kujibu. Wakili mmoja alisema ningeweza kuwasomea hata orodha ya sokoni na wasingejua. Alikuwa na haki. Kamati ikatafuta mwalimu mstaafu aliyefundisha hati mkato enzi zake, mzee mfupi mwenye sweta ya kijani. Hakuambiwa kesi inahusu nini. Alipewa daftari, akatafuta mwanga karibu na dirisha, akaanza kusoma polepole, bila kupamba.

"Chai imeingia," alisoma. "Mwalimu: Mimi sijaridhika. Hiyo ploti iko kwa njia ya maji. Nilienda Jumanne na gambuti, maji yakanifika hapa. Nani mwingine ameenda kuiona? Mwenyekiti: Mwalimu, kunywa chai ikiwa moto. Mwalimu: Nimesema sijaridhika. Andikeni hivyo."

Mzee, kwa kuwa hakuambiwa aache, akafungua ukurasa wa nyuma akasoma pia noti za sauti ya pili ya wimbo, do, re, mi, mpaka mwenyekiti wa kamati akamwambia inatosha. Watu walicheka kidogo, na mimi nilicheka huku nalia. Nilikuwa nimekaa mstari ulio mbele ya Mwalimu. Sikugeuka kumtazama, sikuweza. Yale maneno "andikeni hivyo" nilikuwa nimeyasahau kabisa. Aliniomba mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na penseli.

Jina lake liliondolewa kwenye orodha ya waliotakiwa kulipa. Nyumba ikabaki yake. Habari za wajumbe wengine zilikwenda njia zake na si zangu kuzieleza. Mimi nilipewa barua ya onyo na kupelekwa masjala kupanga faili mwaka mzima, adhabu niliyostahili, na ambako, kwa taarifa yenu, nilijifunza kwamba nusu ya shirika hili haijui herufi K inakuja kabla ya L. Pale nje ya ukumbi nilimfuata Mwalimu kumwomba msamaha. Aliniambia, "Tutaongea," akaingia kwenye gari la mwanawe. Hatukuongea. Kamati ilibaki na daftari kama ushahidi, nami nikajipa kisingizio kwamba sina cha kumpelekea.

Niliporudishwa ghorofa ya saba, niliirudisha desturi. Wenyeviti wamebadilika, wengine wakubwa kweli kweli, na hakuna aliyekunywa chai kabla ya sahihi mbele yangu. Mama Akinyi alipostaafu alimfundisha aliyemfuata kusimama nje ya mlango, na mnamwona anavyosimama. Nimewaona ninyi pia, na kompyuta zenu, mkisoma kwa sauti mbele ya watu wenye njaa bila kuruka mstari. Mwezi uliopita mmoja wenu alimkatiza mjumbe mzito, akamwambia, "Samahani, hukusema hivyo." Niliinamia karatasi zangu nisionekane ninavyotabasamu. Najivunia ninyi kuliko nilivyowahi kuwaambia.

Wiki yangu ya mwisho kazini kamati ilirudisha daftari, limefungwa kwenye bahasha ya kaki. Sikuwa na kisingizio tena. Jumamosi iliyopita nilikwenda Uthiru. Nyumba ni ndogo, ya mawe, ina matundu ya kuku upande mmoja na mahindi machache upande mwingine. Mwalimu alinifungulia mwenyewe. Anatembea na fimbo sasa. Alinikalisha, akauliza wanangu, akauliza hali ya Bwana Surjit, nikamwambia bado ananipigia simu kusahihisha Kijaluo changu. Mezani palikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili vilivyofunikwa kwa kitambaa.

Nilianza kuomba msamaha, maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu kituo cha gari. Aliinua mkono kunizuia. Nikadhani anataka tuyaache yapite, basi nikanyoosha mkono kwenye chupa nimsaidie kumimina.

"Hapana," alisema. "Kwanza nisomee."

Nilitoa daftari kwenye bahasha. Nilimsomea kuanzia chai ilipoingia, kwa sauti, kama nilivyopaswa kusoma siku ile. Alisikiliza amefumba macho.

"Hapo kwa gambuti," akasema. "Maji yalinifika kwa magoti. Wewe umeandika 'hapa.'"

"Ulisema 'hapa,' Mwalimu, ukaonyesha goti."

Alifikiri. "Ni kweli. Nilionyesha."

Nikasoma mpaka mwisho, mpaka "andikeni hivyo." Akaomba kalamu. Akatia sahihi chini ya ukurasa, sahihi ya mwalimu, kila herufi inasomeka. Akaligeuza daftari akanisogezea.

"Na wewe."

Nilitia sahihi yangu chini ya yake. Haikutoka nadhifu. Mwalimu aliitazama, akaridhika, akagonga meza mara mbili, akamimina chai.